Mjomba wa Kutafsiriwa

Wifi yangu Ottilia hakuwahi kusema uongo kanisani. Kwingine kote alijitahidi.

Nasema hivi kwa mapenzi, tena kwa haki niliyonayo. Mimi ni Avelina, dada wa marehemu mumewe, na kwetu hapa Liuli wifi anaruhusiwa kumsema mke wa kaka yake mbele ya yeyote, na yeye akarudisha. Mimi nilimwita mke wangu. Yeye aliniita mume asiyeleta samaki. Tangu aolewe hatujawahi kumaliza ugomvi hata mmoja, maana tukiumaliza tutaongea nini?

Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi, ambako baba yake alikuwa mpishi wa Mzungu mwenye shamba la tumbaku. Kiingereza alikiokota jikoni. Kilikuwa Kiingereza cha amri na matusi, lakini kilitosha. Kaka yangu Dastan alimkuta huko katika safari zake za kuuza samaki, akamleta huku, wakapata mtoto wao Nazari, wakajenga nyumba ya bati wakati sisi wengine bado tunahangaika na nyasi. Kisha Dastan akaugua homa, akafa. Nilimlilia mpaka sauti ikanikauka, na mpaka leo nikipita karibu na mtumbwi wake najisikia vibaya.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Kila mtu aliruhusiwa kuuza chochote, na wengi wetu tukagundua kwamba hatuna cha kuuza. Kombo alikuwa nacho. Asili yake Kilwa, alikuja Mbinga kununua kahawa ushirika ulipoyumba, akakuta Wamatengo na kahawa yao ni wajanja kuliko yeye. Akateremka ziwani na runinga, deki na jenereta, akajenga banda la mabanzi, akaziba madirisha kwa magunia. Mikanda ya video ilimfikia kutoka Songea kwa gari la mizigo. Yote ilikuwa ya Kiingereza, na sisi Kiingereza chetu kiliishia "gudi moning ticha". Ndipo Kombo alipomkalisha Ottilia, sasa mjane, juu ya kreti tupu kando ya runinga, akampa kipaza sauti, akamwambia, "Mama Nazari, sema wanachosema."

Akasema wanachosema. Akasema na wasichosema.

Mkanda uliotushika kuliko yote ulikuwa wa ukoo mmoja wa Kizungu wenye kiwanda cha mikate. Mchana waliuza mikate, na ndani ya mapipa ya unga walificha bunduki. Sisi tuliuita Wauza Mikate. Baba wa ukoo aliitwa Mzee Vinsenti, mkewe Mama Lorena, mtoto wao Rafaeli. Halafu alikuwepo mtu mmoja mwembamba, mwenye nywele za mafuta, aliyeingia kila chumba bila kubisha hodi. Huyo Rafaeli alimwita anko, na Ottilia alitutangazia tangu siku ya kwanza kwamba ni Mjomba Salvi, kaka wa Mama Lorena, tumbo moja.

Basi tukamjua hivyo. Wanaume wa ufukweni walimpenda Mjomba Salvi kwa sababu kila mtu ana mjomba wa namna hiyo, anayekula kwa dada yake na kukosoa mboga. Wengine tulikuwa na mashaka kidogo na macho yake. Alikuwa akimtazama Mama Lorena kwa muda mrefu, kichwa upande, na Ottilia akanong'ona kwenye kipaza sauti, "Anamwonea dada yake huruma."

"Huruma gani inayoanzia miguuni?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Wazungu huanzia chini," Ottilia akajibu, na mkanda ukaendelea.

Katika mkanda wa mwisho wa msimu ule Mzee Vinsenti aliuawa usingizini. Muuaji hatukumwona, tuliona mlango tu umeachwa wazi. Tulitoka bandani kama watu wanaotoka msibani, na wanawake wawili walikuwa wakilia kweli kweli. Kaburini Mjomba Salvi alimshika Mama Lorena mkono, picha ikawa nyeusi, maandishi yakapanda. Mvua zikaanza, barabara ya Mbinga ikakatika, tukabaki na huo mkono kichwani miezi mingi.

Sasa niwaambie habari za Methodi. Ni mdogo wangu, amemfuata Dastan kuzaliwa, kwa hiyo Nazari humwita baba mdogo. Mkewe alirudi kwao Lipingo bila kueleza sababu, na hatukumuuliza kwa sababu tuliijua. Methodi si mtu mbaya. Ni mtu wa kukaa. Akikaa mahali pazuri hapendi kuinuka, na baada ya matanga ya Dastan aliona mahali pazuri pa kukaa: kiti cha marehemu, nyumba ya marehemu, meza ya marehemu. Alianza kupita pale kila asubuhi kutazama bati.

"Shemeji, bati hili litapata kutu," alisema. "Linataka mwanamume."

"Bati linataka rangi," Ottilia alimjibu.

Padri alikwishakataza mambo ya kurithi wajane. Ukoo wetu ulimheshimu sana padri, ukabadilisha neno: ukaacha kusema kurithi, ukasema kutunza. Utaratibu wenyewe ni huu. Kasia la marehemu huegeshwa ukutani, wazee hukaa, mjane hulichukua na kumkabidhi mtu wa ukoo atakayemtunza. Anachagua mwenyewe, ndiyo, ila watu hukaa wamepangwa kiasi kwamba anayetakiwa ndiye aliye karibu na kasia. Mzee Kilian, mkubwa wa ukoo, alitangaza kikao Jumapili baada ya ibada. Methodi akanunua shati la mtumba lenye maua.

Ottilia hakumtaka. Aliniambia waziwazi tukichambua usipa, dagaa wa ziwa letu. "Avelina, nikiishi na huyu mdogo wako nitazeeka kabla ya ugali kuiva. Nyumba ile nilisomba mawe yake kwa kichwa changu. Nataka nikae humo na jina la Dastan, basi."

"Kataa."

"Nikikataa watasema nina bwana. Watanirudisha ng'ambo, nyumba ibaki kwa ukoo." Akatupa usipa mmoja kwa paka. "Nipe akili."

Sikuwa na akili ya kumpa. Nilikuwa na mdomo tu, na mdomo wangu ulikuwa upande wake nusu, nusu nyingine kwa Methodi, kwa sababu damu ni damu.

Wiki hiyohiyo barabara ikafunguka na Kombo akapata mzigo wake. Akaandika kwa chaki kwenye ubao nje ya banda: MSIMU MPYA WAANZA JUMAMOSI SAA TISA. Wanawake kumi kwa hesabu ya haraka wakaja na mabeseni, wakidhani usipa umejaa. Kombo alitumia asubuhi nzima kueleza kwamba msimu ni wa Wauza Mikate, na bibi mmoja akamuuliza kama mikate yenyewe itauzwa bei gani.

Kila mkanda ulipofika, Ottilia aliutazama kwanza nyumbani kwa Kombo pamoja na mkewe Halima, apate kujua maneno yanaelekea wapi. Halima alikuwa mwanamke wa siri. Ukimuuliza mkanda unasemaje, alikujibu, "Una rangi nzuri." Ijumaa Ottilia alirudi kutoka huko amenyamaza, akajifunga khanga safi, akatoka tena bila kuniambia aendako. Nikajua mambo ni mabaya. Nikampikia.

Jumamosi banda lilijaa mpaka mabanzi yakalia. Saa tisa ilipangwa makusudi, ili wavuvi watazame na wawahi kutia karabai zao mafuta. Mzee Kilian alipewa kiti chenye mgongo. Methodi alikaa mbele kabisa na maua yake. Karibu naye alikaa Mwalimu Tadei, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Litumbandyosi, mpole, miwani mikubwa, mtu ambaye hata akikohoa anaomba radhi. Nilishangaa kumwona, maana hakuwahi kuja kwa Kombo.

Jenereta likanguruma. Picha ya kwanza ilikuwa kanisa. Picha ya pili, maua. Picha ya tatu alikuwa Mama Lorena mwenyewe, amevaa nguo nyeupe inayoburuta, anatembea taratibu na uso umefunikwa.

Kipaza sauti kilinyamaza.

"Mama Nazari, tafsiri!"

"Ni arusi," Ottilia akasema.

"Arusi ya nani?"

"Ya Mama Lorena."

"Kha! Na nani?"

Hakuhitaji kujibu. Pale mbele ya padri alikuwa amesimama Mjomba Salvi, nywele zinameta, ua kifuani, na padri akasema maneno yake, na Mjomba Salvi akafunua kitambaa na kumbusu dada yake mdomoni.

Sijawahi kusikia kelele kama zile, hata siku mamba alipoonekana kwenye bandari. Wanawake walijifunika nyuso kwa khanga, wakiacha nafasi ya jicho moja. Mtu mmoja akapiga magoti. Mzee Kilian akasimama, fimbo juu. "Zima! Kombo, zima mtambo! Humu ndani kuna watu wamekaa na wakwe zao, unatuonyesha mtu na dada yake?"

Kombo akakimbilia deki, akilalamika kwamba yeye ni mfanyabiashara, hakuhudhuria hiyo arusi. Picha ikaganda kwenye busu, jambo lililozidisha ubaya.

Ndipo Mwalimu Tadei akainuka, ameshika miwani. "Shikamooni wazee. Samahani sana. Huyo bwana si mjomba."

"Marahaba. Si mjomba ni nani?"

"Ni baba mdogo. Padri amesema sasa hivi, ndugu wa marehemu. Kiingereza hakitofautishi. Mjomba ni anko, baba mdogo ni anko, baba mkubwa ni anko."

Watu wakalipima jambo hilo. "Sasa wanajuaje nani wa kumtania na nani wa kumwogopa?" akauliza Mzee Kilian.

"Hawajui, mzee."

"Na shemeji wanamwitaje?"

"Inlo."

"Na wifi?"

"Inlo."

"Na mkwe?"

Mwalimu akaona aibu kwa niaba ya Waingereza wote. "Inlo vilevile."

"Mkwe, wifi na shemeji sahani moja!" Mzee Kilian akakaa, ametikisika. "Watu hawa walitutawalaje?"

Wote wakamgeukia Ottilia. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono magotini, sijawahi kumwona mpole namna ile. "Nimekosea, mwalimu?"

"Umekosea, mama. Nisamehe."

"Basi shika wewe." Akampa kipaza sauti, akashuka kwenye kreti, akaja kukaa chini karibu na miguu yangu. Nilitaka kulia. Mwaka mzima alikuwa sauti ya banda lile, na sasa amevuliwa mbele ya ukoo, kesho yake kikao.

Methodi alikuwa amesimama, mikono hewani. "Mmesikia? Baba mdogo! Mtu amemtunza shemeji yake, kanisani, na keki juu! Hata Wazungu wanajua! Kombo, washa!"

Nadhani nusu saa iliyofuata ilikuwa ndiyo raha kubwa ya maisha ya mdogo wangu. Mwalimu alitafsiri kama anayesomesha, neno kwa neno, akitaja hata mlango unapofungwa. Methodi akaongezea maelezo. Salvi akimvutia Mama Lorena kiti, Methodi akageuka: "Mnaona matunzo?" Salvi akipanda juu ya kiwanda kukagua paa, Methodi akapiga paja: "Anatazama bati! Huyo ni mwanamume!" Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Ottilia akawa anavunja karanga, ananipa mimi moja, anakula moja.

Kisha Salvi akashuka kule kwenye mapipa ya unga na mtu wake mmoja wa kazi chafu. Wakanywa. Salvi akacheka cheko la upande mmoja, akasema jambo kwa sauti ya chini, na Mwalimu Tadei, mtu wa haki, akalitafsiri lote.

"Anasema: kaka yangu alipenda kulala na mlango umefungwa. Usiku ule mimi ndiye niliyeuacha wazi."

"Mwenzake anamuuliza: kwa sababu ya yule mwanamke? Anasema: hapana. Mimi nilitaka tanuri la mikate. Mwanamke alikuja na tanuri."

Kutoka kule nyuma, sauti ileile iliyouliza habari za miguu ikasema polepole, "Na bati."

Banda likapasuka. Watu walicheka mpaka mabanzi mawili yakang'oka na jua likaingia. Mzee Kilian alicheka akiwa amejiziba mdomo kwa kofia, mkubwa wa ukoo, akajuta na kuendelea. Methodi alibaki amekaa wima, na maua yale ya shati, asijue mikono aiweke wapi. Nilimwonea huruma. Dastan alikufa kwa homa, sote tulikuwepo, na Methodi ndiye aliyembeba mgongoni kwenda hospitali akikimbia. Hilo kila mmoja alilijua, na kila mmoja alicheka.

Kabla jua halijazama, watoto wote wa Liuli walikuwa wanamwita Methodi kwa jina la Salvi.

Jumapili, tukitoka kanisani, Mwalimu Tadei akanifuata. "Dada Avelina, niombee radhi kwa Mama Nazari. Nimemwaibisha mbele za watu, na yeye ndiye aliyenikaribisha."

"Alikukaribisha nani?"

"Mama Nazari. Ijumaa jioni alinifuata nyumbani, akasema, mwalimu, njoo ukae mbele, Kiingereza changu ni cha jikoni. Ukisikia nimekosea usininyamazie, hata nikiona haya. Mimi nikadhani ni unyenyekevu."

Nilishika nguzo ya kanisa. Unyenyekevu! Mtu aliyekulia mlangoni pa Mzungu asijue anko? Mwaka mzima yule mwanamke alikuwa amemficha baba mdogo ndani ya mjomba, ili Methodi na wazee wasipate mfano wa kuigia. Ijumaa akaona mkanda mpya unakoishia, akajua sasa ukweli unamfaa kuliko uongo. Ila ukweli ukitoka mdomoni mwake nani angeuamini, yeye mwenye kikao Jumapili? Akautafutia mdomo wa mtu mwingine, wenye miwani. Na mimi nilimpikia kwa huzuni.

Nilikwenda kikaoni nimekasirika. Kudanganya banda zima sawa, lakini kunidanganya mimi? Tulikaa uani kwa Dastan, kasia limeegemea ukuta, Methodi karibu nalo, safari hii na shati lake la zamani. Mzee Kilian akaanza kueleza habari ya kutunza, akafika kwenye neno nyumba, mtu akakohoa, mwingine akasema "tanuri" kwa sauti ndogo, na mzee akalazimika kunywa maji.

"Kabla mjane hajachukua kasia," akasema, "kuna mwenye neno?"

Mimi nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa hapa kooni, zuri, kamili: wazee, mmechezewa. Ningelitoa, Methodi angeinua kichwa, na hilo pia lilikuwa na haki yake. Alinitazama, mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Ottilia naye akanitazama, akaona usoni mwangu kwamba najua. Hakukonyeza wala hakuomba. Alikuwa anaogopa, na sikuwahi kumwona anaogopa tangu siku ya homa ile. Nikawaza mawe aliyosomba.

"Avelina?" mzee akaniuliza, maana hajawahi kuona kikao ambacho mimi sina neno.

"Sina," nikasema.

Ottilia akainuka, akachukua kasia. Akampita Methodi, akawapita wazee, akaja akaliweka juu ya magoti yangu.

"Mtunzaji wangu huyu hapa."

"Huyo ni mwanamke!" Mzee Kilian akasema. "Huyo ni wifi yako!"

"Baba, jana mmesikia wenyewe. Nimetakiwa nimkabidhi inlo. Na huyu ni inlo. Muulizeni mwalimu."

Wa kwanza kucheka alikuwa Methodi. Nataka ijulikane hivyo. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa shati, kisha akaja mbele yangu, akapiga goti kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo, kaka." Baada ya hapo hakuna mzee aliyeweza kuongoza kikao chochote.

Kasia la Dastan lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, limelainika pale alipolishika. Nililikumbatia, nikalia mbele yao wote, na Ottilia akanivumilia kwa muda. Kisha akaniinamia sikioni.

"Usilie, mume wangu," akasema. "Kesho lete samaki."

Jumatatu asubuhi nilishuka ufukweni na beseni, nikamnunulia mke wangu mbasa.